Mrejesho: Kivu au bahari kuu?

Jambo sana wandugu. Mwezi uliopita niliwauliza: likizo yangu na baba, tuvue maji baridi kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, au tufunge safari mpaka Unguja tukavue bahari kuu? Wengi mlisema bahari. Tulienda Nungwi, kaskazini mwa Unguja.

Tulitoka alfajiri kuelekea mkondo wa Pemba, nyuzi nne zikiburutwa nyuma ya boti. Masaa matatu hakuna kitu, na baba anatapika tu. Tangawizi itafunwe kabla ya kupanda! Ghafla uzi mmoja ukakimbia, na yule jodari akanivuta hadi mikono ikatetemeka. Mgongo wake bluu iliyokolea, tumbo fedha. Sitausahau.

Lakini baba alifurahi zaidi tuliporudi Bukavu, tukalala ziwani Kivu na wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa juu ya maji, wavu chini, wanaume wakiimba huku wanapiga kasia. Akanisimulia kwamba sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla yeye hajazaliwa. Aliongea mpaka kukakucha.

Mwenye mzazi mzee aanzie Kivu. Wa bahari, ngojeni upepo wa kaskazi. Kusi ina mawimbi makali.