Naomba ushauri: kusafiri na dawa ya unga kutoka India hadi Dar

Msafiri wa Pune
Wakuu, habari za usiku. Nipo Pune namalizia masomo, mwezi ujao tunarudi nyumbani. Tuna dawa ya unga tuliyopewa na vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda: makopo sita, ya kutosha miezi mitano. Nauliza mawili tu. Uwanjani wanaweza kuninyang'anya? Na joto la Dar halitaiharibu? Vaidya anasema bhasma, ndivyo anavyouita unga huo, haichachi, inavyozidi kukaa ndivyo inavyozidi nguvu, ila roho yangu haijatulia. Nisaidieni mapema.

Kijana wa Temeke
Unga lazima waufungue. Mimi mama alinifungia unga wa ubuyu, Mumbai nikakalishwa saa mbili, nikaulamba mbele ya askari ndipo wakaniachia. Ndege nusura iniache. Na ule ubuyu ulikuja kumwagikia suti ya mahafali, picha zote nina bega jeupe.

Nyundo
Makopo sita! Sema tu ni ya heshima ya ndoa, humu hatuchekani.

Mzee Kinu
Kabla ya uwanja wa ndege: ni bhasma ya nini, na anayeitumia ni nani?

Msafiri wa Pune
Ya mitishamba mzee wangu. Anatumia mke wangu, mambo ya kinamama. Nilichouliza ni usafiri.

Mpenda Kale
Hapo kwenye bhasma mmenigusa. Hiyo si mitishamba, ni majivu ya madini, na inatoka kwenye elimu kubwa ya Wahindi iitwayo rasashastra. Rasa ndiyo zebaki. Mabingwa wake waliamini kwamba zebaki ikipitishwa hatua 18 za kuisafisha na kuifunga, itageuza madini duni kuwa dhahabu, na mwili wa mtu usichakae. Kwao hayo mawili yalikuwa jambo moja: ulijaribu kwanza kwenye chuma, kisha kwenye mwili. Marco Polo, Mzungu aliyetembelea Asia karne ya 13, alikutana na habari za mayogi, yaani watawa wa Kihindi, waliokunywa zebaki na salfa mara mbili kwa mwezi, akaandika kwamba huishi miaka 150 hadi 200. Dhahabu haikupatikana, lakini ufundi ulipatikana. Kule Zawar, Rajasthan, walikuwa wakiivukiza zinki na kuikamua karne nyingi kabla ya Waingereza kuanza Bristol katika karne ya 18.

Madini yanasafishwa, kisha "yanauawa": yanasagwa na maji ya mimea, yanafungiwa kwenye vyungu viwili vilivyozibwa kwa udongo, yanachomwa shimoni kwa samadi kavu ya ng'ombe. Yanatolewa, yanasagwa, yanarudi motoni, tena na tena. Iliyoiva ukiinyunyiza juu ya maji inaelea. Ukiisugua inaingia hadi kwenye mistari ya vidole.

Msafiri wa Pune
Mpenda Kale, ubarikiwe! Hayo yote alitufanyia mbele ya macho yetu. Ilielea, akaweka punje ya mchele juu yake na bado ikaelea. Kwa hiyo yangu ni halisi.

Mzee Kinu
Ni halisi, sikatai. Kuelea kunakuambia imesagwa laini kiasi gani, hakukuambii ni kitu gani kimesagwa. Niandikie lebo neno kwa neno.

Msafiri wa Pune
Naga bhasma, vanga bhasma, hingula. Halafu mdalasini, iliki, tangawizi. Mnaona wenyewe, nusu yake ni viungo vya chai.

Mzee Kinu
Naga ni madini ya risasi. Vanga ni bati. Hingula ni mawe mekundu yanayotolewa zebaki. Nimekaa dirisha la dawa miaka 31, kwa hiyo sisemi haya kwa kudharau tiba ya mtu. Moto haufukuzi risasi, unaibadilisha sura tu. Wahindi wenyewe wanalijua hilo: kanuni zao za dawa zina Orodha E(1) ya viambato vyenye sumu, na dawa yenye kimojawapo lazima lebo ionye kwamba itumiwe chini ya usimamizi wa tabibu.

Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa mtandaoni: moja katika tano. Kwa zile za rasashastra peke yake ilikuwa mbili katika tano.

Sasa nijibu. Shemeji ana mimba?

Msafiri wa Pune
Ndiyo. Mwezi wa nne.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanirukia. Tumekaa miaka saba bila mtoto. Vipimo vyote tumefanya, hospitali tatu, nchi mbili. Dada zangu walishaanza kumwita majina. Tukaanza dawa hii, wiki ya tisa akashika mimba. Wiki ya tisa! Vaidya kasema asiache hadi ajifungue, akiacha inaweza kutoka. Nikiitupa halafu mimba ikatoka, nitamtazama usoni vipi?

Mama Wawili
Kaka yangu, mtoto anatoa Mungu. Mimi nilizunguka miaka kumi, nimekunywa mizizi hadi meno yakawa meusi. Nilipoacha kila kitu nikapata pacha. Na hao dada zako waambie wanyamaze.

Nyundo
Wakuu, hii chai. Angalieni inavyopikwa: kwanza mzigo wa safari, mara mitishamba, mara mke, mara ana mimba, tena "wiki ya tisa". Miaka saba hospitali imeshindwa, kopo moja limejibu. Kesho mtaona namba ya simu na bei.

Kijana wa Temeke
Daah, kweli. Hata mie nimeshtuka. Mwenye uzi weka picha ya kopo.

Msafiri wa Pune
Picha siweki, wala jina la dawa. Siuzi chochote. Mke wangu kalala hapa pembeni yangu, ana siku ya tano hajapata choo, tumbo linamkaza mpaka anajikunja. Anasema mdomoni anahisi kama ananyonya sarafu. Nilijua ni ujauzito tu. Nyundo, kama ni hadithi, ningependa iwe hadithi kweli.

Mzee Kinu
Nyundo, iwe chai au isiwe, kuna mwingine ana kopo kama hilo kabatini anasoma bila kuandika. Kwa huyo na kwa wewe Msafiri:

Tumbo kukaza, choo kufunga na ladha ya chuma ni dalili za risasi. Mwili huidhania risasi kuwa kalisi ukaitia kwenye mifupa, na wakati wa ujauzito mifupa hiyo hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi nayo ikatoka. Kondo la nyuma haliizuii. Mtoto ndiye anayejenga ubongo kwa damu hiyo. New York waliwahi kuandika habari za wajawazito sita waliokutwa na risasi mwilini kutokana na dawa za Ayurveda. Taarifa ilitoka 2012.

Asitumie tena hata ncha ya kisu. Usimtapishe. Nendeni hospitali usiku huu, mbebe na kopo, mwombe damu ipimwe risasi na zebaki. Dawa za kuitoa zipo, ila kwa mjamzito aamue daktari bingwa. Usinunue chochote mwenyewe.

Mama Wawili
Na shemeji anajua kilichomo?

Msafiri wa Pune
Hapana. Anajua ni iliki na mdalasini.

Mama Wawili
Mwamshe. Mwambie kwanza, ndipo mtoke.

Nyundo
Mkuu, samahani kwa pale juu. Tupe mrejesho.

Msafiri wa Pune
Tumetoka kwa bajaji saa saba usiku. Daktari alichukua kopo kabla hata ya kuchukua damu. Wamemlaza, mapigo ya moyo ya mtoto tumeyasikia, majibu ya damu bado. Yale makopo matano nimeyaleta pia, yapo kwa nesi.

Mke wangu hakulia. Ameniuliza kitu kimoja: umejua lini? Nimempa simu asome uzi wote mwenyewe. Bado anasoma.