Mtu kamminya mwanangu paja kwa vidole viwili, mbele ya mama mkwe wangu, anasema KABEMENDWA

Mama Chumba cha Pili (mleta uzi)

Naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukwa mnisamehe. Ugali uko jikoni, sijui umeiva au umeungua, na leo sijali.

Yule mama mnamjua. Msiniulize ni nani. Aliyewahi kupanga uswahilini hata miezi miwili anamjua. Yule wa ndala za bluu, kanga kifuani tangu alfajiri mpaka isha, ambaye hakuna sufuria inayofunuliwa uwanjani asijue ndani kuna nini. Mtoto akikohoa mara moja keshapata dawa, akikohoa mara mbili keshapata mchawi. Akizaliwa mtoto Mbagala nzima, wa kwanza kujua kafanana na nani ni yeye, na siku zote hafanani na baba yake.

Nimemvumilia. Miezi sita ya kwanza kila siku ya Mungu alikuwa ananijia mlangoni, "mtoto ana kiu huyo, mpe maji." Namwambia mama, nesi ametufundisha kliniki, maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, mtoto hahitaji kingine mpaka amalize miezi sita. Ananijibu yeye amelea saba bila nesi. Nikanyamaza. Siku nyingine nimemkuta anamchovya mwanangu mdomoni kidole chenye chai ya rangi. Nikanyamaza. Kanipakia mtoto wanja usoni mpaka akawa kama chui mdogo. Nikanyamaza!

Sasa leo. Saa sita mchana, bombani. Maji yametoka baada ya siku tatu, foleni ya ndoo inaanzia kwenye koki inaishia mlango wa choo. Nimembeba mwanangu, ana miezi saba. Mama mkwe ndiyo kwanza anaingia getini kutoka Muheza, kikapu cha machungwa bado kiko kichwani. Hajatua. Hajapewa hata maji ya kunywa. Nasema shikamoo mama, anasema marahaba mwanangu, mjukuu wangu hajambo?

Kabla sijajibu, yule mtu akanyoosha mkono.

Vidole viwili. Gumba na cha shahada. Akambana mwanangu paja, akaivuta ngozi, akaiachia, kama anayekagua kuku mnadani. Halafu hakunitazama mimi. Alimtazama mama mkwe, akasema: "Mama, mjukuu wako kabemendwa huyu. Na baba yake si yuko safari?"

JAMANI.

Kwa walioondoka nchini siku nyingi wakasahau: wanasema mzazi wa mtoto anayenyonya akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto, mtoto ananyong'onyea, anaharisha, miguu inakuwa njiti, wenzake wanatembea yeye amekaa. Hiyo ndiyo kubemenda. Kwa hiyo yule mtu hakumsema mwanangu. Ameniita malaya kwa kushika paja la mtoto wangu, mbele ya mama aliyemzaa mume wangu, mbele ya ndoo kumi na nane na wenyewe.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma. Leo siku ya tisa, yuko kwenye foleni ya mpakani, analala chini ya tela. Na mimi huku nashikiwa mtoto kwa vidole viwili.

Mtoto amepungua, ndiyo, sikatai! Meno yanamtoka, kaharisha siku nne, mwezi uliopita alikuwa kilo 7.6 na wiki hii 7.3. Kadi ya kliniki ninayo hapa. Alizaliwa kilo 3.0 na mpaka leo hajatoka kwenye kijani, pale pa uzito mzuri. Yule mtu hajawahi kuiomba hiyo kadi. Mizani yake ni vidole viwili.

Foleni yote ilinyamaza. Ndoo iliyokuwa bombani ikajaa, ikamwagika, hakuna mtu aliyefunga koki, na wote tumekaa siku tatu bila maji. Mama mkwe akashusha kikapu polepole. Chungwa moja likadondoka likabingirika mpaka mtaroni, hakuna aliyeliokota. Akanipokea mtoto, akaingia ndani, akamvua nguo zote juu ya kitanda, akamwangalia kuanzia utosini mpaka nyayo. Kimya. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo kabisa:

"Mwanangu, kama kuna jambo, niambie mimi kabla yule hajarudi."

Nimeolewa miaka minne. Huyu mama nilikuwa namwita mama kutoka moyoni, ndiye aliyenikanda maji ya moto siku arobaini. Sasa anakula machungwa yake upande wa ukuta. Vidole viwili tu!

Nifanye nini? Nimfuate chumbani kwake sasa hivi?

Siti ya Mbele

Nimewahi nafasi. Bisi ninazo. Ngoja waje wenye ndala zao.

Baba Watatu

Mleta uzi punguza povu, kwanza kazime jiko. Ugali ukiungua mama mkwe atasema na hilo ni kubemenda.

Shangazi wa Tandika

Pole mdogo wangu. Ila ngoja kwanza, ndala za bluu? Kanga kifuani? Alihamia kwenu lini? Huyo alikuwa HUKU. Ndiye alimwambia mdogo wangu kuwa mtoto ana meno ya nailoni, homa haitapona mpaka yang'olewe. Wakampeleka kwa fundi, kachokonoa fizi na spoku ya baiskeli. Mtoto alitoka damu mpaka tukamkimbiza hospitali usiku kwa bodaboda. Wewe umeminywa paja, sisi tumechimbwa fizi.

Mama Chumba cha Pili

Shangazi siyo mashindano. Mimi nimeitwa malaya.

Mgema Msafi

Mimi naona yuko Kigogo, chumba cha uani, anadai kila mtoto akatwe kimeo. Wa kwangu alikohoa wiki moja tu, nikarudi kazini nikakuta wembe mpya umeshanunuliwa na pesa ya wembe nadaiwa mimi.

Bint Kilifi

Poleni sana ndugu zetu. Msidhani ni kwenu tu. Huku kwetu Wagiriama wanaita chirwa, mtoto akikonda wa kwanza kutiliwa shaka ni mamake. Mimi niliambiwa maneno hayo tuko wadini, mtoto ana dripu mkononi, na aliyeyasema alikuja kututembelea na mkate. Nikaula ule mkate huku nalia. Mpaka leo sijui kwa nini niliula.

Mama Chumba cha Pili

Dada Bint Kilifi wewe umenielewa. Ni vile wanavyosema MBELE YA WATU. Angenivuta pembeni ningemsikiliza. Alimshika mtoto kwa vidole, ngozi ikabaki nyekundu, nimeiangalia tena sasa hivi.

Dereva Mstaafu

Miaka 20 nimeendesha njia hiyo ya Tunduma. Bibie, watoto wa madereva wote huambiwa wamebemendwa. Akinenepa nao wanasema si wa dereva. Hakuna uzito wa mtoto wa dereva unaoridhisha mtaa.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, nimetoka zamu sasa hivi, nakujibu nikiwa nimesimama kwenye daladala. Kilo 7.3 kwa mvulana wa miezi saba si mtoto wa kulilia. Kupungua gramu 300 baada ya kuharisha siku nne kunatokea, anarudisha. Ila nikukosoe na wewe: meno hayaharishi mtu. Umri huo mtoto anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, na ndoo zenyewe mnasema maji yanatoka kila siku tatu. Mpe ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, kila anapoharisha, na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, watu wengi wanaviacha siku ya tatu. Endelea kunyonyesha. Ukiona macho yameingia ndani, halii machozi, hakojoi, au damu kwenye choo, usiandike uzi, nenda zahanati.

Na hao wanaoitwa wamebemendwa nimewapokea wengi. Wengine wana utapiamlo, wengine kifua kikuu, wengine VVU ambavyo mama hakupimwa. Wanaletwa wameshaogeshwa dawa za majani mwezi mzima kwa sababu nyumbani wanatafuta nani alitoka nje. Mtoto anafika kwangu miguu imevimba, ukibonyeza shimo linabaki, na bibi yupo mlangoni bado anabishana na mkwewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Uji unampa wa nini?

Mama Chumba cha Pili

Asante dada nesi. Unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na ubuyu kidogo.

Nesi wa Zamu

Yesu wangu. Mtoto wa miezi saba huyo au trekta? Tumbo lake dogo, hivyo vyote atavisaga na nini? Unga wa nafaka moja, basi, upike uive, kisha ongeza maziwa, au karanga uliyosaga mwenyewe, au yai. Soya ambayo haijachemshwa vizuri kwanza inamsumbua tumbo. Na ukichanganya karanga kwenye unga ukaweka kwenye ndoo mwezi mzima, unaota ukungu. Sumu ya huo ukungu, sumukuvu, haionekani wala haifi kwa kupika. 2016 Dodoma na Manyara mahindi yenye sumukuvu yaliua watu.

Lishe Bora kwa Wote

Mimi nauza unga wa lishe nafaka 12, umepimwa, natuma mpaka mikoani. Karibuni inbox. Nesi asiwatishe watu.

Nesi wa Zamu

Kumi na mbili! Hata ng'ombe anachagua.

Shangazi wa Tandika

Huyo muuza unga ni yeye! Ni yule yule wa ndala za bluu. Anasaga chumbani na blenda usiku wa manane.

Baba Watatu

Sasa mmegusa penyewe. Hizo blenda zinasaga kwa umeme wa LUKU ya nani? Kwetu vyumba sita, mita moja, kila chumba elfu tano kwa wiki. Kuna mtu ana taa moja na redio, ndiye mimi. Kuna mtu ana jokofu, pasi, blenda na feni mbili, anauza barafu na juisi, naye elfu tano. Ukisema unaambiwa una roho mbaya.

Mgema Msafi

Hapo Baba Watatu umenena. Kwetu wa barafu ni mtoto wa mwenye nyumba, hachangii kabisa. Umeme ukikatika ndiye wa kwanza kugonga milango.

Mama Chumba cha Pili

Jamani mimi bado nimekaa mlangoni hapa. Mama mkwe hajala. Yule mtu kapita sasa hivi anaimba. ANAIMBA.

Siti ya Mbele

Anaimba nini?

Dereva Mstaafu

Wa barafu awekewe mita ndogo ya kwake ndani, mwisho wa ugomvi. Sisi Temeke tulifanya hivyo, mwezi wa kwanza tu jokofu likauzwa.

Baba Watatu

Dereva hizo mita ndogo zinapatikana wapi, na fundi anachukua ngapi?

Bint Kilifi

Kwetu twagombania maji, stima tumezoea giza.

Mama Chumba cha Pili

MREJESHO, siku ya sita. Zinki amemaliza nusu, kuharisha kumekoma, nampa uji wa ulezi mtupu na maziwa kama dada nesi alivyosema. Leo nimekwenda kliniki na mama mkwe, nimemtaka aje mwenyewe. Mtoto kawekwa kwenye mizani, kilo 7.5. Mama mkwe hajui kusoma lakini nesi kamshika kidole akampitisha kwenye mstari wa kijani, kutoka alipozaliwa mpaka leo, nukta kwa nukta. Akaomba apitishwe tena. Tulivyorudi uwanjani yule mtu yuko bombani. Mama mkwe akasimama mbele yake, akamnyooshea kadi, akasema: "Shika. Kwa vidole vyako hivyo viwili." Hakuishika. Bado hajaniomba radhi, na mimi nataka aniombe pale pale bombani, foleni ikiwa imejaa.

Baba Watatu

Hongera bibie. Sasa wa jokofu mmeamua alipe shilingi ngapi?