Naomba ushauri: pistoni mpya ya mashine ya kusaga, shimo la juu halifanani na la zamani

Habari zenu wakuu, niko Kibaigwa, nina mashine ya kusaga inayovutwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Mwezi uliopita ilikamata katikati ya kazi, gunia la mteja bado liko kwenye kinu. Tulipofungua tukakuta pistoni imekwaruzika upande mmoja toka kwenye ringi mpaka chini, alumini imeganda kwenye slivu (lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka). Fundi akaenda kuchongesha slivu Dodoma mjini akaniletea pistoni ya ovasaizi 0.50, yaani nene kuliko ya kawaida kwa nusu milimita.

Sasa shida iko hapa, shimo la juu ya pistoni ya zamani lilikuwa fupi na lina kama kichuguu katikati, hii mpya ni kama bakuli tu na lina kina zaidi, nimejaza maji yote mawili kwa sindano ya kuku nikaona hii mpya inameza zaidi. Na tangu ifungwe, kila asubuhi haiwaki mpaka tuzungushe hendeli watu wawili, inatoa moshi mweupe unaochoma macho, ikishapata moto inatulia kidogo.

Fundi anasema itazoea. Mimi naona kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imeshuka, na shimo likibadilika umbo hata dizeli haichanganyiki na hewa vizuri, au nakosea?

Pia nafasi kati ya pistoni na slivu mnaacha kiasi gani, maana alumini inatanuka kuliko chuma na naogopa isikamate tena. Nibadilishe pistoni au kuna njia nyingine? Msimu wa mahindi ndo huu jamani.