Tupeane uzoefu: kijana anayetumia unga (heroini) akiumia kichwa

Muuguzi wa Zamu:
Assalamu alaykum. Kuna watu wanasema teja akianguka "mwacheni alale, dawa itamtoka". Ndiyo maana naandika. Kijana aliyeumia kichwa kisha akalala sana, mchukulieni ana damu kichwani mpaka ithibitike vyengine. Unga unasinzisha, damu ndani ya fuvu inasinzisha, sukari ikishuka nayo inasinzisha. Kwa kumtazama tu huwezi kuzitenganisha. Wenye kujua semeni.

Mama wa Wawi:
Kweli tupu, dada yangu. Wengi wanakwenda hivi hivi.

Mwalimu Mwanakwerekwe:
Tuanze nyumbani, maana mzazi ndiye wa mwisho kujua. Anayetumia unga mboni zake ni ndogo kama ncha ya pini hata chumba kikiwa na giza. Anajikuna pua na shingo, choo kigumu, kichwa kinashuka taratibu katikati ya mazungumzo kisha anashtuka. Chumbani tafuteni karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iliyoungua upande mmoja na vikaratasi vya kete (vinavyofungiwa unga). Akikosa, arosto (mateso ya kuukosa unga) inaanza baada ya saa 8 hadi 12: miayo, machozi, mafua, mboni kubwa, kuharisha, mifupa kuuma. Siku ya 2 na ya 3 ndizo kali. Ramadhani msidanganyike: mwenye saumu anasinzia, lakini mboni zake hazisinyai.

Mchumaji Karafuu:
Huku Pemba msimu wa karafuu naongeza hili, na ndilo baya kuliko yote. Kijana anaporomoka kutoka tawini, anazimia dakika chache, anazinduka. Anaongea, anaomba maji, anawatania waliomzunguka. Wote wanasema alhamdulillahi. Anapelekwa nyumbani, analazwa. Usiku anaanza kukoroma kwa sauti asiyokuwa nayo, mate yanatoka, mkono mmoja hauinuki. Mama anasema "kavuta huyo". Alfajiri mboni moja imepanuka, haijifungi kwa tochi. Mshipa wa pembeni ya fuvu ulichanika, damu ikakusanyika saa zote zile alizokuwa akizungumza.

Binti Wete:
Ya Rabbi. Kwa hiyo hata akizinduka apelekwe?

Mchumaji Karafuu:
Apelekwe. Khasa akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, au maji yasiyo na rangi yakitoka puani au sikioni.

Baba Juma:
Mimi nashauri msiwaambie hospitali kama anatumia. Watamdharau, na polisi wataitwa.

Muuguzi wa Zamu:
Kaka, ushauri huo unaua. Nisipojua anatumia unga, sitafikiria naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga, mapema. Kama anakunywa methadoni (dawa anayopewa badala ya unga) hospitali ya Kidongo Chekundu, ambako huduma hiyo ipo tangu 2015, nataka nijue dozi yake na saa aliyokunywa mara ya mwisho, ili daktari asimzidishie dawa za usingizi. Kama amezoea Valium (dawa ya usingizi) na ameikosa, degedege inaweza kutoka huko.

Baba Juma:
Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, je? Si mpaka polisi?

Mwalimu Mwanakwerekwe:
PF3 inafuatwa na ndugu mmoja wakati mgonjwa yuko mezani anahudumiwa. Dharura haisubiri karatasi. Na kudharauliwa kupo, Baba Juma, hapo una haki. Anayefanya hivyo ashitakiwe kwa mkuu wa zamu, lakini taarifa itolewe.

Muuguzi wa Zamu:
Sasa wauguzi wenzangu wa vituo. Shingo na njia ya hewa vinakwenda pamoja: mmoja anashika kichwa kilingane na kiwiliwili, mwengine anasukuma taya mbele bila kukunja shingo. Fyonza matapishi. Oksijeni isishuke chini ya asilimia 94, namba ya juu ya presha isishuke chini ya 110. Pima sukari kidoleni. Kisha Glasgow, kipimo cha kujitambua, alama za juu kabisa: macho 4, maneno 5, viungo 6. Andika kila kimoja peke yake, jumla pekee inaficha mabadiliko. Jumla ikifika 8 au chini, koo halina ulinzi. Ita anayeweza kuingiza mpira wa hewa.

Mboni zote ndogo na pumzi chini ya 12 kwa dakika, anza naloksoni. Ampuli ya 0.4 mg ichanganye na maji ya chumvi ifike mililita 10, toa mililita 1 hadi 2 mshipani kila dakika 2 au 3. Tunatafuta pumzi zirudi, kumwamsha si lazima. Ukiisukuma yote kwa pamoja anaingia arosto papo hapo, anatapika, anapigana, na presha ndani ya fuvu inapanda. Nguvu yake inaisha ndani ya dakika 30 hadi 90 na unga bado umo mwilini, kwa hiyo usimruhusu aondoke. Pumzi zikirudi naye haamki kabisa, mchukulieni tatizo liko kichwani mpaka ithibitike vyengine.

Mboni moja ikipanuka, mapigo yakipungua na presha ikipanda, hiyo ni rufaa ya sasa hivi. Inua upande wa kichwa wa kitanda nyuzi 30, shingo inyooke. Mpira wa puani usipitishwe kama macho yote yamevia damu au puani panatoka maji. Diklofenaki ya maumivu hapana.

Binti Wete:
Na kahawa chungu? Bibi yangu husema inamzindua.

Mama wa Wawi:
Maji ya baridi usoni pia.

Muuguzi wa Zamu:
Hapana kwa vyote viwili, wapenzi. Asiyejitambua akitiliwa kitu mdomoni, au akimwagiwa maji usoni, kinaweza kuingia mapafuni.

Mchumaji Karafuu:
Nani anajua akishalazwa achunguzwe kila baada ya muda gani?

Muuguzi wa Zamu:
Akiwa na Glasgow 15 kamili: kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila saa 2. Ikishuka, rudi nusu saa na umwite daktari. Aliyeruhusiwa akae na mtu mzima saa 24 za mwanzo, asiachwe maskani na wenzake.

Baba Juma:
Nimeelewa. Saa aliyoanguka nayo niwaandikie?

Muuguzi wa Zamu:
Iandike, na saa aliyotumia mara ya mwisho kama unaijua. Sindano ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, traneksamiki, inafaa ndani ya saa 3 tu tangu alipoumia.