Buti za skii kwa mguu mwembamba: Lange, Atomic au Tecnica?

Mpemba_Innsbruck
Wakuu, naombeni ushauri. Mguu wangu mwembamba kama mwiko, na buti za kukodi zinanitesa. Kila nikikata kona kisigino kinapanda, na nikikaza vifungo hadi mwisho mgongo wa mguu unakufa ganzi. Nataka kununua zangu. Dukani nimetajiwa Lange ya LV (yaani nyembamba), Atomic Hawx Ultra na Tecnica Mach1 LV. Nashuka njia za buluu na nyekundu tu, yaani rahisi na za wastani, mashindano siyawezi.

Fundi_Mabuti
Za kukodi nyingi ni pana ili kila mteja aingie, sishangai. Kati ya ulizotaja, Lange LV ina upana wa milimita 97 pale mbele, hizo mbili nyingine 98. Milimita moja isikunyime usingizi. Ila upana huo hupimwa kwenye saizi 26.5 (saizi ni urefu wa mguu kwa sentimita), na ukishuka saizi moja nzima unapungua kama milimita 2. Unavaa ngapi?

Mpemba_Innsbruck
24.5.

Fundi_Mabuti
Basi kwako 98 inakuwa kama 94. Ukiambiwa uchukue 24, jua gamba la nje ni lilelile la 24.5, kinachobadilika ni vya ndani tu, kiatu laini au soli yake.

Dada_wa_Oslo
Fundi, hapo nakupinga kidogo. Analalamikia kisigino na mgongo wa mguu, wewe unampimia vidoleni! Mimi nina Lange LV: kisigino kimeshikwa barabara, lakini msimu wa kwanza nilisaga meno. Rafiki yangu ana Hawx Ultra, gamba lake linapashwa moto dukani likafuata umbo la mguu, akatoka anatabasamu.

Fundi_Mabuti
Kweli dada, lakini moto unasaidia pale panapobana. Plastiki naweza kuitanua palipo na kifundo au kidole kidogo, kuirudisha ndani ni shughuli nyingine kabisa. Ndiyo maana mwenye mguu mwembamba aanze na buti nyembamba, asinunue ya upana wa 100 au 102 kwa sababu ilikuwa tamu dukani. Kiatu cha ndani kitalala baada ya siku chache, na ile nafasi itaongezeka.

Babu_Zermatt
Mjukuu, kabla ya kuchagua jina fanya hivi. Toa kiatu cha ndani, ingiza mguu mtupu kwenye gamba, vidole viguse mbele kidogo tu. Mwenzio achungulie nyuma ya kisigino: pakipita zaidi ya vidole viwili vya mkono vilivyobanana, hiyo ni kubwa, rudisha. Halafu soksi MOJA, nyembamba. Naona vijana wanavaa mbili za sufu, eti mguu ujae. Soksi zinateleza zenyewe kwa zenyewe!

Mpemba_Innsbruck
Shikamoo babu. Hilo la soksi umenishika hasa.

Babu_Zermatt
Marahaba. Sabrina Simader, mwanaskii aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, alikulia hukohuko Austria uliko, kwa hiyo wauzaji wasikushangae Mpemba kununua buti za skii.

Dada_wa_Oslo
Mach1 LV hamjaigusa. Mimi naona ndiyo ya katikati: kiatu chake cha ndani kinachongeka vizuri kwenye vifundo, na ya kike shingo yake ni fupi. Tafu za wengi wetu zinaanza chini, buti ndefu inazibana.

Fundi_Mabuti
Hapo nakubaliana nawe. Ningekuwa mimi ningeanza na Mach1, kisha Hawx, Lange mwisho. Chongesha na soli ya ndani. Wayo ukitulia, huna haja ya kukaza vifungo mpaka ganzi. Kisigino kikizidi kucheza, kuna viatu vya ndani vya ZipFit vinavyojazwa unga wa koki, ile ya vizibo vya chupa, ila bei yake shika moyo.

Mpemba_Innsbruck
Jumamosi naenda kuzijaribu zote tatu.

Fundi_Mabuti
Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Funga vifungo vyote, piga kisigino chini, kunja magoti, kaa nazo nusu saa humohumo dukani. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma. Visiporudi, omba gamba la saizi kubwa inayofuata kabla hujalipa.