COI haitofautishi An. gambiae na An. arabiensis: kosa liko wapi?

SampuliTisini
Wakuu, naomba msaada. Nina majike 90 ya mbu wa kundi la Anopheles gambiae. DNA imetolewa mguuni kwa njia ya HotSHOT (kupasha moto kwenye NaOH), COI (jeni ya kutambulia spishi) imekuzwa kwa PCR na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za Folmer (LCO1490 na HCO2198), kisha mfuatano ukasomwa pande zote mbili. Mingi ni misafi, jozi za besi 658 kamili. Shida ni hifadhidata: mfuatano mmoja unafanana kwa zaidi ya asilimia 99 na gambiae, coluzzii na arabiensis kwa mpigo. Mbu 11 hawakutoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli). Zaidi ya hao kuna Aedes aegypti 6 ambao kromatogramu zao (grafu za usomaji wa DNA) zina vilele viwiliviwili. Nirudie PCR au nibadilishe praima?

MguuMmoja
Kwa wale wenye mfuatano msafi usirudie chochote, maabara imefanya kazi yake. Kilichokuangusha ni alama yenyewe. COI imo kwenye mitokondria, inarithiwa kwa mama tu, na spishi hizi zimekuwa zikichanganya damu kiasi cha mitokondria kuvuka kutoka spishi moja hadi nyingine. Hata ukisoma mitokondria nzima hutapata mpaka ulionyooka.

Nenda kwenye kiini cha seli. PCR ya Scott ya 1993 inalenga IGS ya rDNA (eneo lililo kati ya jeni za RNA ya ribosomu): praima moja ya pamoja, nyingine mahususi kwa kila spishi, zote kwenye tyubu moja. Bendi ya jozi 390 ni gambiae, 315 ni arabiensis, 153 ni quadriannulatus. Merus ni 466 na melas 464, jeli haiwaoni tofauti, ila merus hukaa pwani ya mashariki ya Afrika na melas ya magharibi. Tumia agarosi ya asilimia 2 hadi 2.5, kwenye jeli ya asilimia 1 iliyokimbizwa haraka, 390 na 315 zitakukanganya.

Wenye 390 bado ni mchanganyiko wa gambiae na coluzzii. Wapitishe kwenye PCR ya SINE200 (kipande cha DNA kilichojipachika kwenye jenomu ya spishi moja na si nyingine): 479 ni coluzzii, 249 ni gambiae. DNA uliyonayo inatosha kwa yote mawili.

JeliYaPili
Kuhusu wale 11, kwanza tazama kidhibiti chanya (sampuli inayojulikana kutoa bendi). Kama nacho hakikutoa bendi, mchanganyiko ndio mbovu. Kama kimetoa, zimua DNA mara 10 ujaribu tena, maana mara nyingi tatizo ni vizuizi (kemikali zinazozuia PCR) na si uhaba wa DNA. Mbu aliyetoka kwenye ethanoli akaushwe kabisa kabla ya kuingia kwenye NaOH. Na tumbo lililojaa damu liepuke: hemu ya damu huzuia kimeng'enya cha PCR, na ndani mna DNA ya aliyeumwa.

Bado kimya? Legeza joto la kushikia (ambalo praima hujibandika kwenye DNA): mizunguko 5 kwa nyuzi 45, kisha 35 kwa nyuzi 51, kila mara sekunde 40, na dakika 1 kwa nyuzi 72. Kwa µl 25: mchanganyiko tayari wa 2x µl 12.5, kila praima ya µM 10 µl 0.5, DNA µl 2, maji µl 9.5.

Kodoni5
Hao Aedes ni habari nyingine. Jenomu ya Ae. aegypti imejaa nakala za mitokondria zilizohamia kwenye kiini, na praima za Folmer hukuza nakala hizo pamoja na COI halisi. Ndiyo maana vilele vinapandana. Kupunguza joto kutazidisha balaa.

Tafsiri mfuatano kuwa protini kwa jedwali namba 5 la msimbo wa jeni (la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo), ukianza na herufi ya pili. Watu wengi huacha jedwali la kawaida, TGA inasomeka kama kikomo (mwisho wa protini), wanatupa data nzuri. Ukiona kikomo kwa jedwali sahihi, hiyo ni nakala ya kiini. Lakini usipokiona usishangilie, nakala iliyohama karibuni huwa haijaharibika. Kwa kutaja spishi tu hapo huhitaji COI: aegypti ana alama ya kinubi kifuani, albopictus mstari mmoja mweupe.

SampuliTisini
Nimeelewa. Kwa hiyo COI niitupe kabisa kwa Anopheles?

MguuMmoja
Hapana, geuza mpangilio. Anza na Scott kwa wote. Atakayekosa bendi hapo huku DNA yake ni nzuri, huenda si wa kundi la gambiae kabisa. Jicho lilimpanga vibaya. Huyo ndiye wa kumpeleka COI, pamoja na ITS2 (kipande kingine cha rDNA). An. stephensi, aliyeripotiwa Djibouti 2012 na Ethiopia 2016, ni mfano mzuri: PCR ya Scott haina praima yake, ila COI inamtenga bila utata. Na mwili uliobaki baada ya kukata mguu usiutupe. Uweke kwenye tyubu yenye silika jeli, namba ileile ya DNA, maana mfuatano wa ajabu utakurudisha kwenye darubini.