Sifuri moja mwishoni mwa fomula ya eksesi imetuaibisha ofisi nzima

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nashughulikia madai ya magari yenye bima kubwa katika kampuni ambayo sitaitaja, na jedwali la Excel tunalokokotolea eksesi, yaani kile kiasi anachobeba mteja mwenyewe katika hasara yake, nililirithi likiwa na onyo kwamba fomula isiguswe.

Masharti yetu si magumu. Gari likipata ajali, mteja anabeba 10% ya dai, ila isipungue shilingi 500,000. Likiibwa anabeba 20%, au 10% iwapo lilikuwa limefungwa kifaa cha kulifuatilia. Aliyetutangulia aliyafuma hivi (C2 ni aina ya tukio, D2 ni kiasi cha dai, E2 ni kama gari lilikuwa na kifaa):

=IF(C2="Wizi",IF(E2="Ndiyo",D2*10%,D2*20%),IF(C2="Ajali",IF(0<D2<5000000,500000,D2*10%),0))

Wiki iliyopita mzee mmoja aliyeibiwa gari la shilingi 24,000,000, lisilo na kifaa, aliandikiwa barua kwamba hakatwi chochote, ilhali alipaswa kukatwa 4,800,000. Aliyeingiza taarifa aliandika "Wizi" akaacha nafasi moja baada ya herufi ya mwisho, nafasi ambayo jicho halioni, na kwa kuwa kwa Excel neno hilo si "Wizi" wala "Ajali", fomula iliteremka hadi kwenye sifuri ya mwisho na kuitoa kana kwamba ni jibu halali. Simu ya kumweleza mzee huyo niliipiga mimi. Aliyonijibu siyaandiki hapa, ingawa kusema kweli alikuwa na haki ya kuyasema.

Nilipoendelea kuchimba nikakuta 0<D2<5000000. Shuleni tuliandika hivyo na mwalimu akatupa vema, lakini Excel huanza na 0<D2, hupata TRUE, yaani kweli, kisha huilinganisha TRUE hiyo na 5,000,000. Na kwake TRUE ni kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo jibu huwa FALSE, yaani si kweli, daima. Maana yake ni kwamba kile kiwango cha chini cha 500,000 hakijawahi kufanya kazi hata siku moja, na dai la ajali la 3,200,000 limekuwa likikatwa 320,000 tu.

Nimeandika upya:

=IF(AND(TRIM(C2)="Wizi",E2="Ndiyo"),D2*10%,IF(AND(TRIM(C2)="Wizi",E2="Hapana"),D2*20%,IF(TRIM(C2)="Ajali",MAX(D2*10%,500000),"KAGUA")))

TRIM inaondoa nafasi za ziada, MAX inachukua kilicho kikubwa bila kuhitaji sharti jingine, na mstari usiotimiza sharti lolote unapiga kelele badala ya kusingizia sifuri.

Jana niliipeleka kwa mkuu wa kitengo. Nimejibiwa kwamba jedwali limetumika miaka yote bila tatizo, na kwamba vijana wa kuingiza taarifa wafundishwe kuandika "Wizi" vizuri.